Sahihi Kwenye Karatasi Tupu

Benchi lenyewe halina hadhi yoyote. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mabomba mawili ya chuma, kando ya duka la kutoa kopi, na anayekaa mwisho wa kushoto lazima aage kabla ya kuinuka, la sivyo mwenzake wa kulia atajikuta chini. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la baraza la leseni za afya, ghorofa tatu, ambamo madaktari na wauguzi huingia wakiwa na leseni na baadhi yao hutoka bila. Hapa benchini hukaa watu wasiohusika hata kidogo na mambo hayo, na kwa sababu hiyo wanayajua yote. Kuna Kiraka, fundi viatu. Kuna Gazeti, karani mstaafu wa masijala, anayesoma vichwa vya habari na kujitungia habari zenyewe. Kuna Breki, dereva wa gari la kukodi, aliyepewa jina hilo kwa kitu ambacho gari lake linakosa. Kahawa humiminwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, lakini hebu jaribu kumwita jina lingine uone. Asubuhi hiyo, mwisho wa kushoto, alikuwa amekaa Kifungu.

Kifungu alikuwa daktari miaka ishirini na mbili kabla ya kuwa wakili. Kazi yake sasa ni kuwatetea madaktari, wauguzi na wakunga wanaoitwa na baraza kujieleza, na jina lake alipewa hapo hapo benchini, kwa kuwa hamalizi kikombe bila kutaja kifungu namba fulani. Zamani alikuja siku za mashauri tu, akanywa kahawa moja, akavuka barabara. Siku hizi anakuja hata siku zisizo na shauri, na anakunywa tatu. Wenzake waliliona hilo na wakalinyamazia, jambo ambalo kwa benchi lile ni la ajabu. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, binti yake anaishi mbali na hupiga simu Jumapili, na ofisini kwake kuna birika la umeme linalopiga mluzi maji yakichemka. Ukiliondoa birika, hakuna anayemsemesha kutwa nzima.

Siku hiyo hakuwa na shauri. Alikuwa na fomu. Daktari aliyekaa miaka kumi bila kutibu hufutwa kwenye daftari la madaktari, na miaka kumi ya Kifungu ilikuwa inaishia siku hiyo, dirisha la ghorofa ya chini litakapofungwa saa sita mchana. Zahanati moja ilikuwa tayari kumpokea siku mbili kwa wiki akirudishiwa leseni. Alishajaza kila kitu isipokuwa mstari mmoja, ambao ulimtaka mwenzake yeyote wa kazi za afya mwenye leseni hai aweke sahihi kwamba amemwona mwombaji akitibu wagonjwa. Mwenzake huyo aliahidi kufika saa nne. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

Akatokea kwenye mlango wa jengo la baraza, mwanamke mrefu mwenye mkoba wa kahawia, daktari wa watoto. Alianza kazi chini ya Kifungu, enzi hizo mkono ukimtetemeka akishika sindano, na miezi minne iliyopita Kifungu huyo huyo alimtetea mbele ya baraza mpaka akatoka na leseni yake salama. Kifungu akainua mkono. Yule mama alimwona, hilo halina ubishi, maana alisimama. Kisha akageuka kutazama madirisha ya jengo nyuma yake, akatoa simu, akaiweka sikioni bila kubonyeza kitu, akaondoka kwa upande wa pili wa barabara.

Kifungu aliushusha mkono, akajikuna kisogo nao.

– Hajakuona, alisema Kiraka. Leo hana miwani.

– Yule havai miwani, alisema Shangazi.

– Ndo maana hajamwona.

Gazeti akakunja gazeti lake, ishara kwamba anataka kusema jambo zito. Alieleza kwamba kuna kanuni: aliyeshinda shauri haruhusiwi kumsalimia wakili wake kwa siku mia mbili, watu wasije wakasema walikula njama.

– Ni kifungu cha ngapi hicho? aliuliza Kifungu.

– Kiko kwenye nyongeza, alisema Gazeti. Huko nyuma, ambako nyinyi mawakili hamfiki.

Breki naye akasema wote wamepotea njia. Yule aliyepita si yule aliyeshtakiwa, ni pacha wake. Mmoja anatibu, mwingine anashtakiwa, wanaazimana koti. Yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mmoja asubuhi na mwingine mchana, na wa mchana alikuwa na adabu zaidi.

– Acheni kumzungusha mtu mzima, alisema Shangazi, akimimina. Miaka minane nauza kahawa hapa, naona kwa macho yangu. Wakiwa na shida wanamshika mkono kwa mikono miwili. Wakishatoka salama wanapita kule. Ukimsalimia huyu mbele ya jengo lile, umejitangaza kwamba na wewe ulikuwa na kesi.

Kifungu alilijua hilo siku nyingi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuambiwa mbele ya watu huku unapewa kikombe ni kitu kingine, na maneno yale yalimwingia. Alikuwa amewatetea watu arobaini na mmoja. Katika miaka yake ya wadi, mgonjwa aliyepona alikuwa akimfuata hadi sokoni amwonyeshe mtoto alivyokua. Hawa arobaini na mmoja, akikutana nao dukani, ghafla huona kitu cha kusoma kwenye kopo la maziwa. Hakuwalaumu hata mmoja. Alikuwa mpweke tu, na hiyo ndiyo sababu ya fomu, ingawa kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika mambo mengine.

Simu yake ikalia kidogo. Alisoma ujumbe mara mbili, na benchi zima likausoma pamoja naye, kwa kuwa Breki alikuwa ameshalala begani kwake. Ulisema: Nisamehe mwalimu wangu. Pale nje pana macho mengi. Naomba unielewe.

– Pacha hawezi kuandika hivyo, alisema Kiraka.

Walimhurumia kwa namna yao, yaani walimtafutia mtu mwingine. Kifungu akawaambia alivyohangaika. Wale wa rika lake waliofanya naye kazi, mmoja amefariki, mmoja amehamia nchi nyingine na barua pepe hajibu, mmoja anaona namba yake na kuiacha iite. Alitoa fomu mkobani akawaonyesha ule mstari. Wakaupitisha mkono kwa mkono, Kiraka akivifuta kwanza vidole vyake kwenye suruali.

Hapo ndipo benchi likahamia kwenye swali lake la siku zote: kwani aliacha udaktari kwa nini, kama sasa anautaka? Kiraka alishikilia kwamba ni damu. Siku alipojichoma na sindano ya viatu alimwona Kifungu akigeuza uso, na daktari haogopi hivyo kama hana historia. Gazeti alisema hapana, alisahau miwani yake ndani ya tumbo la mheshimiwa mmoja, mambo yakazimwa, na mheshimiwa yule mpaka leo hasomi kitu bila kukiweka usawa wa kitovu. Breki alisema wote ni washamba wa mapenzi. Palikuwa na jaji, mwanamke, mzuri wa sura, na njia pekee ya kusimama mbele yake kila wiki ilikuwa kusomea sheria.

– Akamkubali? aliuliza Shangazi.

– Alihamishwa mkoa, alisema Breki kwa masikitiko ya kweli.

Kifungu alicheka nao mpaka macho yakamtoka maji. Alikuwa akizipenda hadithi hizo. Kadiri zilivyozidi kuwa za uongo ndivyo alivyokuwa salama, maana mtu anayejitungia jibu hakuulizi.

Ilikuwa saa tano na robo pale msichana mmoja alipotoka kwenye duka la kopi. Alikuwa mkunga, na leseni yake ya kwanza ilikuwa imetoka kupigwa muhuri nusu saa tu iliyopita. Alitaka kopi tatu, moja ya kazini, moja ya mama yake, na moja, alisema bila haya, ya kutazama tu. Mashine ilikuwa imekwama karatasi, akaambiwa asubiri benchini. Kifungu akamsogezea nafasi na kumpa mkono, na kama kawaida yake vidole viwili vikateleza hadi kwenye kifundo cha mkono wa msichana vikatulia pale.

– Unanipima mapigo, mzee?

Kifungu akauachia mkono kama aliyeshikwa anaiba.

– Anawapima wote, alisema Kiraka. Wateja wake wanadhani ni mapenzi.

– Kwa hiyo ni daktari?

Swali hilo lilijibiwa na watu watatu kwa pamoja, na Gazeti akaongeza ile hadithi ya miwani tumboni. Mkunga akasikiliza, akacheka pale pa kucheka. Ni Breki aliyeruka ghafla akapiga goti lake kofi.

– Jamani, si huyu hapa! Ana leseni! Hata wino haujakauka!

Benchi likachangamka. Fomu ikawekwa mapajani mwa msichana, kalamu ya Gazeti ikatolewa mfukoni, kalamu ambayo hamwazimi mtu. Mkunga hakuipokea haraka. Alisoma fomu yote, mbele na nyuma, hata yale maandishi madogo ya chini, na Kifungu akaona kwamba huyu alifundishwa vizuri.

– Hapa inasema nimemwona akitibu, alisema. Sijamwona.

– Amekupima mapigo, alisema Breki. Na wewe si mzima? Basi ametibu.

– Weka sahihi tu, mwanangu, alisema Kiraka kwa upole wote aliokuwa nao. Weka hapo chini. Hayo mengine yatajazwa.

Msichana akamtazama Kifungu, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja. Akafungua kalamu.

– Usisaini!

Alikuwa ameinuka bila kuaga. Ubao ukapanda kushoto, ukashuka kulia, na Gazeti akaenda chini na kikombe chake. Hakuna aliyecheka, hata Gazeti mwenyewe hakulalamika, maana hawakuwahi kumsikia Kifungu akipaza sauti.

– Usiweke sahihi yako juu ya jambo ambalo hujaliona, binti yangu, alisema, sasa kwa sauti ya chini. Hata ukimpenda anayekuomba.

Alimsaidia Gazeti kuinuka, akakaa. Mkunga hakukasirika. Alifunga kalamu, akafikiri kidogo, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

– Sasa aliyekuona ukitibu mara ya mwisho ni nani, mzee? Si ndiye wa kumwomba?

Kiraka alimtazama Gazeti. Gazeti alimtazama Breki. Shangazi akashikilia chupa bila kumimina. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya benchi lile palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na Kifungu akaona kwamba akiipitisha hii hatapata nyingine.

– Sista mmoja, alisema. Muuguzi wa wadi yangu.

Aliwasimulia. Wadini kwake palikuwa na mtindo. Jumamosi mchana, kabla hajaenda nyumbani, alisaini karatasi kumi za dawa zikiwa tupu, akamwachia sista kwenye droo, ili Jumapili akitakiwa amtajie dawa kwa simu na yeye aandike juu ya sahihi. Kila daktari alifanya hivyo. Ilimwezesha kukaa na mkewe siku moja kwa wiki. Jumapili moja sista alimpigia kuhusu mzee mmoja mgonjwa wa moyo. Kifungu akamtajia dawa na kiasi, akarudi mezani. Jumatatu mzee yule alikuwa hajitambui, na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi kilikuwa mara kumi ya kinachotakiwa. Mzee aliokoka, lakini hakurudi kuwa yule wa mwanzo, na familia yake ikaenda kwenye baraza.

– Nani alikosea? aliuliza Kiraka.

– Sijui. Yeye alisema aliandika nilichomtajia. Mimi sikumbuki nilichotaja. Naapa sikumbuki.

Barazani aliulizwa maswali mawili. Sahihi hii ni yako? Ndiyo. Maandishi haya ni yako? Hapana. Yote mawili yalikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza sahihi ilitangulia au ilifuata, naye hakusema. Sista alimgeukia akamtazama, akingoja. Kifungu aliketi. Sista hakuwa na wakili. Leseni yake ilifutwa siku hiyo hiyo, na ndani ya miezi mitatu Kifungu aliacha kutibu akaenda kusomea sheria.

– Watu wanadhani ninawatetea kwa wema, alisema. Kila anayesimama pale namwona yeye. Nimewasimamia arobaini na mmoja, na yeye hayumo.

Shangazi alikaa chini, jambo ambalo hafanyi akiwa kazini.

– Na yuko wapi sasa?

– Anafua mashuka kwenye hosteli ya wanafunzi. Upande wa pili wa mji.

– Ulionana naye?

– Nimemwona kupitia uzio, mara tatu. Sikuingia.

Gazeti alijifuta kahawa kwenye koti. Aliposema, hakusema kama Gazeti.

– Kipo kifungu? Cha kurudisha shauri la zamani?

– Thelathini na moja. Shahidi akirekebisha ushahidi wake mwenyewe kwa maandishi, na aliyeadhibiwa akaomba, shauri linafunguliwa upya. Nimekitumia mara mbili, kwa watu wengine.

– Na shahidi mwenyewe je?

– Anajibu lake. Kusaini karatasi tupu ni kosa. Mwenye kosa hilo harudi kwenye daftari.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mkunga alitazama saa ya ukutani mle dukani. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Akasema polepole kwamba kama ni lazima, baraza lina wauguzi wa zamani kwenye ghorofa ya pili, huenda mmoja wao alimwona kazini, bado kuna dakika. Alisema kwa nia njema, na Kifungu alijua alichosema kinawezekana. Alimfahamu mmoja wao. Angeweza kuvuka barabara sasa hivi na kutoka na sahihi.

Badala yake aliomba karatasi dukani. Wakamletea moja, safi, na Kiraka akamwachia kisanduku chake cha kazi kiwe meza. Kifungu aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Aliandika habari ya droo na zile karatasi kumi, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha sista mtindo huo, na kwamba barazani alilijua swali ambalo halikuulizwa. Breki alianza kufungua mdomo, Shangazi akamkanyaga. Alipomaliza alisoma kuanzia juu, akasahihisha tarehe, kisha sahihi akaiweka mwisho kabisa, maneno yote yakiwa yameshakaa juu yake.

Ng'ambo, pazia la dirisha la ghorofa ya chini likashushwa. Shangazi akainamisha chupa juu ya kikombe cha Kifungu, likatoka tone moja na masimbi ya kahawa.

– Imeisha, alisema.

– Na fomu hii, mzee? aliuliza mkunga. Bado alikuwa ameishika.

– Geuza nyuma uandikie orodha ya sokoni, alisema Kifungu. Karatasi yake ni nzuri.

Alimpa msichana mkono, safari hii kiganja tu. Wenzake wa benchini aliwaaga mmoja mmoja, kitu ambacho si desturi yao, na kila mmoja alisimama, na ubao ukabaki umelala sawa. Breki alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Hakuuliza wanakwenda wapi.

Walikwenda taratibu, kwa sababu zinazojulikana za gari lile. Kifungu alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili asiikunje. Alijaribu kupanga neno la kwanza na hakulipata, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo amewapangia wengine maneno. Uzio wa hosteli ulipoonekana, mashuka yakiwa yameanikwa safu tano nyuma yake, Breki alipunguza mwendo mapema sana.

– Tukifika nikusubiri, aliuliza, au nikuache?

– Sijui, alisema Kifungu. Hilo atasema yeye.